Mshahara wa mkurugenzi katika mwaka wa kwanza wa kandarasi Uingereza: kwa nini pauni 12,570 haikuwa jibu

Mhandisi wa majaribio ya programu anayeishi Uingereza anaacha ajira tarehe 31 Agosti 2025. Mshahara wake ulikuwa pauni 3,800 kwa mwezi, na tangu mwaka wa kodi uanze tarehe 6 Aprili amelipwa mara 5, jumla pauni 19,000. Jumatatu ya tarehe 1 Septemba anasajili kampuni ya Limited. Yeye ndiye mkurugenzi pekee na hisa zote ni zake. Siku hiyohiyo anaanza kandarasi ya pauni 250 kwa siku.

Makadirio yake ni siku 215 za kazi kwa mwaka, yaani mapato ya pauni 53,750. Gharama za mhasibu, bima ya kitaaluma, kompyuta na nauli ni pauni 6,250, kwa hiyo faida kabla ya mshahara wake ni pauni 47,500. Hadi tarehe 5 Aprili 2026, mwaka wa kodi unapofungwa, atakuwa amefanya kazi siku 125 hivi, na faida ya kipindi hicho kabla ya mshahara itakuwa pauni 27,600. Mhandisi huyu na mapato yake ni mfano. Viwango vya kodi vinavyotumika hapa ni vya kweli, vya mwaka wa 2025/26.

Akimuuliza yeyote aliye kwenye kandarasi alipwe mshahara gani na kampuni yake, jibu huwa moja: pauni 12,570 kwa mwaka, yaani pauni 1,047.50 kila mwezi, na kinachobaki kichukuliwe kama gawio, yaani mgao wa faida kwa mwenye hisa. Jibu hilo si baya. Ni la mtu mwingine.

Namba hiyo ilitoka wapi

Pauni 12,570 ni vitu viwili vilivyokutana kwenye namba moja. Kwanza ni kiwango cha mapato kisichotozwa kodi ya mapato. Pili ni mahali ambapo mfanyakazi mwenyewe huanza kukatwa Bima ya Taifa (mchango wa pensheni na mafao ya serikali), asilimia 8. Ukisimama hapo, mshahara wote unaupata mkononi bila kukatwa hata peni, na kampuni inauhesabu kama gharama, hivyo inaokoa kodi ya kampuni.

Kizingiti cha mwajiri ni kingine. Tangu 6 Aprili 2025 mwajiri hulipa Bima ya Taifa asilimia 15 kwa kila pauni inayozidi 5,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 13.8 juu ya pauni 9,100. Kampuni nyingi ndogo hufutiwa mchango huo kupitia nafuu ya mwajiri ya hadi pauni 10,500 kwa mwaka, lakini kampuni ambayo mtu pekee anayelipwa juu ya kizingiti ni mkurugenzi wake haipewi nafuu hiyo. Mhandisi wetu yuko kwenye kundi hilo.

Kwa mwaka kamili, na kwa mtu asiye na mapato mengine, pauni 12,570 bado inashinda pauni 5,000 hata baada ya mchango wa mwajiri kupanda. Hesabu yake ni fupi. Mshahara wa ziada wa pauni 7,570 unaleta mchango wa mwajiri wa pauni 1,135.50. Jumla ya viwili hivyo, pauni 8,705.50, inapunguza faida, na kwa kodi ya kampuni ya asilimia 19 inaokoa pauni 1,654.05. Ukitoa mchango, zinabaki pauni 518.55 ndani ya kampuni. Kodi yake binafsi haibadiliki, kwa sababu sehemu ya kiwango kisichotozwa kodi ambayo mshahara haukuijaza ingejazwa na gawio.

Ila hesabu yote hiyo inamdhania mtu ambaye kiwango chake kisichotozwa kodi bado kiko mzima. Cha mhandisi wetu kimeshaliwa. Pauni 19,000 alizolipwa na mwajiri wa zamani zimekimaliza na kukivuka kwa pauni 6,430.

Cha mtu na cha ajira

Watu wengi, wakiwemo wahasibu wenye haraka, huchanganya hapa. Kiwango kisichotozwa kodi ya mapato ni cha mtu. Anacho kimoja kwa mwaka, hata akifanya kazi sehemu nne. Vizingiti vya Bima ya Taifa ni vya ajira. Kila mwajiri asiye na uhusiano na mwingine anaanza na vizingiti vipya, bila kujali mtu huyo alilipwa nini kwingine.

Kwa hiyo mhandisi anapoingia kwenye mfumo wa mishahara wa kampuni yake, upande wa kodi ya mapato kila pauni ya mshahara inatozwa asilimia 20 tangu ya kwanza. Upande wa Bima ya Taifa ana ukurasa mpya, lakini si wa mwaka mzima. Wakurugenzi hukadiriwa Bima ya Taifa kwa mwaka, si kwa mwezi kama wafanyakazi wengine. Aliyeteuliwa katikati ya mwaka hupewa sehemu ya vizingiti kulingana na wiki zilizobaki, ikiwemo wiki ya kuteuliwa.

Tarehe 1 Septemba 2025 inaangukia wiki ya 22 ya mwaka wa kodi. Ukihesabu kuanzia hiyo hadi ya 52, zipo wiki 31. Chukua kizingiti cha mwaka, gawanya kwa 52, zidisha kwa 31, kisha panda hadi pauni nzima inayofuata. Kizingiti cha mwajiri kinakuwa pauni 2,981. Kizingiti cha mfanyakazi kinakuwa pauni 7,494.

Kinachohesabiwa ni tarehe ya kuteuliwa kuwa mkurugenzi, si tarehe ya mshahara wa kwanza. Angekuwa ameisajili kampuni kabla ya 6 Aprili 2025 na kuiacha imelala hadi Septemba, angepata kizingiti cha mwajiri kizima cha pauni 5,000. Katika kisa hiki tofauti hiyo ingemletea takriban pauni 123. Si fedha ya kumfanya mtu asajili kampuni asiyoihitaji, ila aliyeisajili mapema asisahau kuitumia tarehe hiyo.

Pauni moja ya faida inafika mkononi ikiwa kiasi gani

Njia safi ya kuchagua mshahara ni kuifuata pauni moja ya faida kutoka kwenye kampuni hadi mfukoni, njia moja baada ya nyingine.

Kwa njia ya gawio, kampuni inalipa kodi ya asilimia 19 na zinabaki peni 81. Mwenye hisa aliye kwenye daraja la kawaida la kodi analipa asilimia 8.75 ya hizo. Anabaki na peni 73.9. Pauni 500 za kwanza za gawio kwa mwaka hazitozwi, lakini kwa kuwa atazitumia kwa vyovyote, haziingii kwenye mlinganisho.

Kwa njia ya mshahara ulio chini ya pauni 2,981 hakuna Bima ya Taifa upande wowote, ila kodi ya mapato asilimia 20. Anabaki na peni 80. Mshahara umeshinda, hata bila kiwango kisichotozwa kodi.

Kati ya pauni 2,981 na 7,494 mwajiri anaongeza asilimia 15. Pauni moja ya gharama inanunua mshahara wa peni 87 tu, na baada ya kodi zinabaki peni 69.6. Gawio limeshinda. Juu ya pauni 7,494 yeye mwenyewe anakatwa asilimia 8 zaidi na anabaki na peni 62.6. Gawio limeshinda kwa mbali.

Jibu la mwaka wake wa kwanza linajionyesha: asimamishe mshahara kwenye kizingiti cha mwajiri kilichopunguzwa. Malipo 7, kuanzia Septemba hadi Machi, ya pauni 425 kila moja yanafanya pauni 2,975. Hivi ndivyo inavyokuwa akitoa faida yote ya pauni 27,600 baada ya kodi:

| Mshahara kwa kipindi | Kinachobaki mkononi | Pungufu ikilinganishwa na 2,975 |
|---|---|---|
| 0 | 20,443.60 | 181.10 |
| 2,975 (425 × 7) | 20,624.70 | – |
| 7,332.50 (1,047.50 × 7) | 20,407.51 | 217.19 |
| 12,570 | 19,739.60 | 885.10 |

Mstari wa mwisho ni wa anayesoma "pauni 12,570 kwa mwaka" na kuzibana zote kwenye miezi 7. Anapoteza pauni 885. Mstari wa tatu ni wa anayeweka pauni 1,047.50 kwenye mfumo wa mishahara kwa mazoea, kosa la pauni 217. Na asiyejilipa mshahara kabisa, akiogopa makaratasi, anapoteza pauni 181, na huenda sehemu nzuri ya hizo ingelipa ada ya mhasibu ya kuendesha mishahara. Kama mhasibu anatoza ada ya pekee kwa kuendesha mishahara, ilinganishwe kwanza na pauni hizo 181. Kwa kiasi hiki, mshahara sifuri si upumbavu.

Vipi kuhusu pensheni ya serikali? Mwaka huhesabiwa ukiwa umelipwa angalau pauni 6,500, yaani 125 kwa wiki (kwa 2025/26), na pensheni kamili inahitaji miaka 35 ya namna hiyo. Mshahara wa pauni 2,975 haufiki hapo. Lakini pauni 19,000 za mwajiri wa zamani zimeshaujaza mwaka huu, kwa hiyo hoja hiyo imefungwa hadi Aprili. Asiyekuwa na ajira yoyote kabla ya kampuni hana kinga hiyo, ila naye, kwa kuwa kiwango chake kisichotozwa kodi ni kizima, hesabu inamsukuma juu zaidi kwa vyovyote.

Malipo ya siku yakifika pauni 400

Kodi ya kampuni ni asilimia 19 hadi faida ya pauni 50,000 kwa kipindi cha miezi 12. Kutoka hapo hadi 250,000, kila pauni ya ziada inatozwa asilimia 26.5 kwa hesabu halisi, kwa sababu kiwango kikuu ni asilimia 25 na nafuu ya mpito inapungua polepole. Kwa malipo ya pauni 250 kwa siku kampuni yetu iko chini ya mpaka huo. Kwa pauni 400, siku 215 zinaleta faida ya pauni 79,750 kabla ya mshahara, na kila pauni ya mshahara sasa inaokoa peni 26.5.

Fuata pauni ileile tena. Gawio linabaki peni 67.1. Mshahara kati ya 2,981 na 7,494 unabaki peni 69.6 kama mwanzo. Sasa mshahara umeshinda hadi kizingiti cha mfanyakazi, na jibu linakuwa pauni 1,070 kwa mwezi mara 7, jumla 7,490. Tofauti yote ni karibu pauni 130, kwa hiyo asiyetaka kusumbuka na malipo ya Bima ya Taifa anaweza kukaa kwenye 425 na kulala usingizi. Muhimu ni kuona kwamba mtu wa kisa kilekile, tarehe ileile, anapata jibu tofauti kwa sababu ya faida ya kampuni tu.

Jambo moja kuhusu mpaka wa pauni 50,000: hupunguzwa kipindi kikiwa kifupi kuliko miezi 12, na hugawanywa kama una kampuni nyingine unayoimiliki. Kampuni iliyosajiliwa 1 Septemba 2025 hupangiwa na Companies House, msajili wa kampuni, tarehe ya kufunga hesabu ya 30 Septemba 2026, yaani miezi 13. Kodi ya kampuni haikubali kipindi kinachozidi miezi 12, hivyo utaandika ritani mbili, moja ya mwaka na nyingine ya mwezi mmoja. Fomu AA01 ya kufupisha kipindi hadi 31 Agosti inaondoa usumbufu huo. Kodi yenyewe inatakiwa miezi 9 na siku moja baada ya kipindi kufungwa: hapa ni tarehe 1 Juni 2027.

Kuiweka kwenye mfumo

Kampuni isajiliwe HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, kama mwajiri kabla ya siku ya mshahara wa kwanza. Usajili haufanyiki zaidi ya miezi 2 kabla ya kuanza kulipa. Programu ya bure ya HMRC ya kuendesha mishahara inatosha kwa kampuni yenye wafanyakazi chini ya 10. Taarifa ya malipo inapelekwa siku ya kulipa au kabla yake, si baada.

Kuna sehemu tatu za kujaza kwa uangalifu. Ya kwanza ni alama ya "mkurugenzi" pamoja na tarehe ya kuteuliwa. Ukiiacha, programu inamchukulia kama mfanyakazi wa kawaida na kutumia vizingiti vya mwezi. Kizingiti cha mwajiri kwa mwezi ni pauni 417, na mshahara wa 425 utaleta deni la pauni 1.20 kila mwezi ambalo halikustahili kuwepo.

Ya pili ni njia ya kukadiria Bima ya Taifa. Zipo mbili: ya mwaka moja kwa moja, na mbadala inayokadiria kila mwezi kisha kusawazisha kwenye malipo ya mwisho. Mwisho wake ni mmoja, lakini ya kwanza haina kelele katikati.

Ya tatu ni P45 kutoka kwa mwajiri wa zamani, hati ya kuacha kazi inayoonyesha alicholipwa na kodi aliyokatwa. Hii ndiyo yenye fedha. Hadi Agosti mwajiri yule alimkata kodi ya pauni 2,752 hivi, kwa kudhani ataendelea kulipwa 3,800 hadi Machi. P45 ikiingizwa na msimbo wa kodi 1257L (wa kiwango kizima cha 12,570) ukaendelea kwa mjumuisho tangu Aprili, kila mwezi kiwango kisichotozwa kodi kinakua kwa pauni 1,047.50 wakati mshahara unakua kwa 425 tu. Mfumo unaona amezidisha kodi na kumrudishia karibu pauni 124.50 kwa mwezi. Hati ya mshahara inaonyesha 425, kodi yenye alama ya kutoa (−124.50), na anapokea 549.50. Kampuni ndiyo inayotoa fedha hizo kwanza, na akaunti yake ya PAYE (mfumo wa kukata kodi kwenye mishahara) inaonyesha inaidai HMRC. Kwa miezi 7 ni karibu pauni 871.

Wapya wengi huogopa wakiona alama ya kutoa kwenye safu ya kodi na kudhani programu imeharibika. Haijaharibika. Hatari iko upande mwingine: P45 ikipotea na mtu akatia alama kwamba hii ndiyo kazi yake ya kwanza tangu 6 Aprili, mfumo unampa kiwango kisichotozwa kodi mara ya pili na hautozi kitu. Itasawazishwa kwenye ritani ya mwaka, lakini katikati picha nzima imepotoka, na atakayepanga matumizi kwa kuitazama ataumia.

Mshahara ulipwe kweli, kutoka benki ya kampuni kwenda benki ya mkurugenzi, kwa tarehe iliyoandikwa. Mwezi Machi mtu akigundua hajawahi kujilipa, hawezi kuandika hati za Septemba kwa kurudisha tarehe nyuma. Anaweza kulipa pauni 2,975 zote kwa mkupuo kabla ya 5 Aprili, na kwa Bima ya Taifa ya mkurugenzi matokeo ni yaleyale, kwa sababu kizingiti ni cha kipindi kizima.

Asijiandikie mkataba wa ajira na kampuni yake. Mkurugenzi asiye na mkataba hahusiki na mshahara wa chini wa kisheria. Akijiandikia wa saa 37 na nusu kwa wiki, kila saa inadai pauni 12.21 (kiwango cha 2025/26), na mshahara wa 425 unakuwa ukiukaji wa sheria alioutengeneza kwa mkono wake mwenyewe.

Gawio lina masharti yake

Pauni 19,946.25 zilizobaki baada ya mshahara na kodi ya kampuni zinatoka kama gawio. Sheria inadai faida iwepo kwanza, baada ya kutenga kodi. Kila gawio linaambatana na muhtasari wa kikao cha wakurugenzi, hata akiwa mmoja, na hati ya gawio yenye tarehe, jina la mwenye hisa na kiasi.

Kinachoharibika mara nyingi ni mtu kuchota benki kila anapohitaji. Novemba anatoa pauni 6,000 wakati faida baada ya kodi ni 4,500. Zile 1,500 si gawio, ni mkopo wa mkurugenzi. Zikiwa hazijarudi miezi 9 na siku moja baada ya kipindi cha hesabu, kampuni inatozwa asilimia 33.75 ya kiasi hicho (kiwango cha 2025/26), na inarudishiwa baada ya mkopo kulipwa, kwa kuchelewa. Dawa yake ni kawaida ndogo: kila ankara ikilipwa, asilimia 19 ihamishiwe akaunti tofauti ya benki siku hiyohiyo.

Kwa kuwa gawio limezidi pauni 10,000, ritani binafsi ni lazima. Ajisajili kabla ya 5 Oktoba 2026, apeleke na kulipa kabla ya 31 Januari 2027. Kodi ya gawio lake ni pauni 1,701.55. Ila mwezi huo hatalipa hizo tu. Deni likizidi pauni 1,000 na kodi iliyokatwa kwenye mshahara ikiwa chini ya asilimia 80 ya kodi yote ya mwaka, HMRC inadai malipo ya awali ya mwaka unaofuata: nusu Januari, nusu Julai. Januari anatakiwa kuwa na pauni 2,552 na Julai nyingine 851. Mkandarasi aliyetoka kwenye ajira, aliyezoea kukatwa bila kujua, ndiye hukamatwa hapa akiwa mikono mitupu.

Yanayoweza kupindua hesabu yote

La kwanza ni IR35, sheria ya kodi inayomlenga mkandarasi anayefanya kazi kama mwajiriwa. Kila kilichoandikwa hapa kinasimama ikiwa kandarasi iko nje ya sheria hiyo, maana yake uhusiano wake na mteja haufanani na ajira: anaweza kutuma mtu mwingine, hasimamiwi jinsi ya kufanya kazi, mteja halazimiki kumpa kazi mpya. Tangu Aprili 2021 mteja mkubwa au wa kati ndiye anayeamua, na kwa mteja mdogo kampuni ya mkandarasi inaamua yenyewe. Ikiwa ndani, malipo yanatozwa kama mshahara kabla hayajafika, na swali la kuchagua mshahara linakufa. Liulizwe kabla ya kusajili kampuni.

La pili ni uzazi. Kwa 2025/26, malipo ya likizo ya uzazi ya kisheria yalidai wastani wa pauni 125 kwa wiki katika kipindi kinachokaguliwa. Mkurugenzi anayetarajia mtoto akikaa kwenye 425 kwa mwezi atakuwa chini ya kiwango hicho na kuyapoteza. Kwa kuwa kampuni ndogo hurudishiwa asilimia 108.5 ya malipo hayo (kwa 2025/26), pauni mia moja au mbili za kodi ya ziada kwa ajili ya mshahara mkubwa zaidi ni bei ndogo sana.

La tatu linawagusa wasomaji wengi wa Kiswahili walio Uingereza: viza. Mwenye viza ya Skilled Worker amefungwa kwa mwajiri aliyemdhamini. Hawezi kumwacha na kuanza kandarasi kwa kampuni yake, hata hesabu ya kodi iwe nzuri kiasi gani. Na mwenye ukaazi anayepanga kumleta mume au mke kutoka Mombasa au Dar es Salaam anahitaji kipato cha pauni 29,000. Kipato kutoka kampuni unayoimiliki mwenyewe hakithibitishwi kwa hati za mshahara za miezi 6 kama ajira ya kawaida. Hudaiwa hesabu za mwaka kamili wa fedha wa kampuni pamoja na ritani yake ya kodi. Kampuni ya miezi 7 haina mwaka kamili. Mwenye mpango huo apeleke maombi akiwa bado kwenye ajira, au asubiri kampuni ifunge mwaka akiwa ametoa mshahara na gawio la kutosha kufikisha kiwango. Kuacha faida ndani ya kampuni ili kukwepa kodi ya gawio kunaweza kumgharimu mwaka mzima wa kutengana.

Michango ya pensheni binafsi, kwa upande mwingine, haisumbuliwi na mshahara mdogo, mradi ilipwe na kampuni moja kwa moja. Anachochangia yeye mwenyewe ndicho kinachobanwa na mshahara wake. Cha kampuni kinabanwa na kikomo cha pauni 60,000 kwa mwaka, na kinapunguza faida peni kwa peni.

Aprili 2026

Tarehe 6 Aprili kiwango kisichotozwa kodi kinarudi kizima, pensheni ya serikali inahitaji mwaka mpya, vizingiti vya Bima ya Taifa vinakuwa vya wiki 52, na hakuna mshahara wa mwajiri wa zamani. Sasa ndipo namba ya watu wote inakuwa namba yake. Mshahara uhamie pauni 1,047.50 kwa mwezi. Kodi ya gawio nayo inapanda hadi asilimia 10.75 kwa daraja la kawaida, kwa hiyo zile pauni 518.55 za faida ya kujilipa 12,570 badala ya 5,000 zinafika mkononi kama pauni 462.81.

Akiajiri mtu wa pili kwa kazi ya kweli, na mshahara wa huyo ukapita kizingiti, nafuu ya mwajiri inafunguka na faida ya mshahara wa 12,570 inapanda hadi pauni 1,438.30. Mume au mke anaweza kuwa mtu huyo ikiwa anaandika ankara na kutunza vitabu kweli, kwa malipo yanayolingana na kazi. Jina tu kwenye orodha ya mishahara halipiti ukaguzi.

Kwa njia ya mwaka, kampuni haitadaiwa Bima ya Taifa miezi 4 ya kwanza, kwa sababu malipo yamefika pauni 4,190 tu. Malipo ya tano, mwezi Agosti, yanavuka 5,000 na kuleta pauni 35.63. Kuanzia Septemba ni 157.13 kila mwezi hadi Machi. Kwa viwango hivyo kampuni inaruhusiwa kulipa kila robo mwaka, fedha zikiwa zimefika HMRC kabla ya tarehe 22.